Picha za Utupu

Mzazi mwenzangu, mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na mwandiko wangu mpaka leo unahitaji mistari. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko orodha ya vipimo vya mapazia. Lakini hili nimeona niliandike, kwa sababu nilimfukuza mwanangu nyumbani kwa neno moja nililodhani nalijua. Huenda na wewe unalijua hivyo hivyo.

Neno lenyewe ni utupu.

Mwanangu huyu, binti yangu pekee, ni kitinda mimba, na nyumbani tunamwita Kitinda, ingawa ana miaka ishirini na sita na urefu amenishinda. Kaka zake wawili wameoa, wana nyumba zao. Baba yao alikuwa seremala. Alifariki mwaka juzi mwezi wa tatu, kwa ugonjwa wa figo, tukabaki mimi na Kitinda katika nyumba ya vyumba vinne ambayo kila mlango aliuranda yeye kwa mkono wake. Mimi nashona mapazia. Kitinda alikuwa anafanya kazi studio ya picha za pasipoti, ile kazi ya kuwaambia watu kaa wima, inua kidevu, usicheke.

Baba yake alipofariki, hakulia. Nilimsifu kwa hilo, Mungu anisamehe. Niliwaambia watu mtoto huyu ana moyo wa chuma. Chuma gani? Alikuwa amekufa ganzi. Ukimuuliza umekula, anasema nimekula. Ukifunua sufuria, chakula kipo vile vile. Ukimsimulia kitu cha kuchekesha, anacheka kwa kuchelewa, kama mtu aliye chumba cha pili. Mimi mwenyewe sikuwa mzima, ndiyo maana sikuona. Nilikuwa nakanyaga cherehani. Nakata, napiga pindo, nakanyaga tena.

Ndipo akaanza kutoka kila Jumamosi na kamera, pamoja na ile miguu mitatu ya kuisimamishia.

"Unakwenda wapi?"

"Kupiga picha, mama."

"Za harusi?"

"Hapana. Zangu tu."

Nikaacha hapo. Shuleni tuliimbishwa kwamba kuuliza si ujinga, na mimi niliimba kwa sauti kuliko darasa zima. Lakini sikuuliza.

Aliyeleta habari ni wifi yangu, shangazi yake Kitinda, dada wa marehemu. Wifi yangu ana roho nzuri, ila mdomo wake hauna mlango, una pazia tu, na pazia hilo sikulishona mimi. Alinipigia simu saa nne asubuhi nikiwa nakata kitambaa.

"Wifi, umekaa?"

"Nimesimama, nakata."

"Weka mkasi chini kwanza."

Nikauweka.

"Mwanao ameonekana anaingia ile nyumba ya wageni nyuma ya soko. Mchana kweupe. Na yule mwenye studio. Chumbani, wifi, saa nzima!"

"Nani kamwona?"

"Anayefagia pale ni mpangaji wangu. Tena ngoja, hilo ni dogo. Jana nimekutana na Kitinda mwenyewe njiani. Nikamwambia, mwanangu, siku hizi unapiga picha gani? Unajua kanijibu nini? Kanitazama hivi, macho makavu, akasema: picha za utupu, shangazi. Na mwezi ujao zinatundikwa ukumbini, watu waje waone."

"Kasema utupu?"

"Kwa mdomo wake. Hata mate hakumeza."

Sasa wewe mzazi, ukiambiwa picha za utupu, unafikiria nini? Usinidanganye. Redioni wanasema fulani amekamatwa kwa kusambaza picha za utupu. Shuleni kwa wajukuu wanatuita kikao, wanatuambia kagueni simu za watoto, kuna picha za utupu. Tangu nizaliwe sijawahi kulisikia neno hilo likiwa limevaa nguo.

Nilikaa nalo siku nne. Chakula kilipita bila ladha. Ningeweza kumuuliza mtoto wangu jikoni, sisi wawili, maji yakichemka. Badala yake niliita kikao. Jumapili alasiri wakaja kaka yake mkubwa na wifi, na jirani yangu wa mkono wa kulia, ambaye sikumwita lakini alikuja. Kitinda alitoka chumbani kwake, akatusalimu wote mmoja mmoja, akakaa kwenye kiti cha mwisho.

"Kitinda," nikasema, "ni kweli unapiga picha za utupu?"

"Ni kweli, mama."

Kaka yake akainamisha kichwa.

"Huoni aibu?"

"Mwanzoni niliona. Watu walikuwa wananishangaa. Sasa nimezoea."

"Kazoea!" wifi akapiga makofi mara moja. "Jamani, kazoea!"

"Na huko vyumbani unakuwa na nani?"

"Peke yangu. Mwenye studio ananisaidia kuweka taa, halafu anatoka. Akibaki mtu, picha haifai tena."

"Na hizo picha ni za nini, mwanangu? Zinamsaidia nani?"

 Alikuwa anatazama sakafu, pale penye alama ya miguu ya meza.

"Anayeziangalia anajisikia vibaya kidogo," akasema. "Kama anaogopa, na hajui anaogopa nini. Nataka ajisikie hivyo. Nisiwe mimi tu."

"Hapo haongei mtu," wifi akasema. "Hapo anaongea shetani."

"Hata humu ndani nimepiga," Kitinda akaendelea, kama hakusikia. "Chumbani kwako, mama. Siku ile ulipokwenda kupima madirisha. Nadhani ndiyo nzuri kuliko zote."

"Chumbani kwangu?"

"Ndiyo."

"Kwenye kitanda cha marehemu baba yako?"

"Kinaonekana chote," akasema.

Jirani alitoa sauti kama mtu aliyeungua na chai. Mimi nilisimama. Yale niliyoyasema siwezi kuyaandika yote hapa, mengine hayafai kwenye karatasi. Nilimwita jina ambalo mama hamwiti binti yake. Nilimwambia nimezaa watoto wawili tu, wa kiume. Nilimwambia asinikanyagie tena mlangoni.

"Sasa hivi?" akauliza.

"Sasa hivi."

Akaenda chumbani, akarudi na begi moja na kamera. Akasema kwaherini. Hakugonga mlango. Aliuvuta taratibu, kama mtu anayeacha chumba chenye mgonjwa.

Miezi saba ikapita.

Watu wanadhani uchungu ni kulia. Mimi sikulia. Nilishona. Kusema kweli nilishona vizuri kuliko mwanzo, mishono imenyooka kama imepigwa na rula, wateja wakanisifu. Chumba chake nilikifunga. Cha kaka zake kilikuwa kimefungwa siku nyingi. Nikabaki na chumba changu na sebule, na kwenye sebule natumia kiti kimoja. Majirani wakiniuliza, nasema amesafiri kikazi. Wifi alikuja mara mbili kunipa pole, akanywa chai, akaniambia lisemwalo lipo. Simu ya Kitinda niliipiga mara moja tu, mwezi wa tatu tangu aondoke. Iliita mpaka ikakatika. Nikasema moyoni, sawa.

Kisha Alhamisi moja mchana, hodi. Nafungua, namwona mwenye studio, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi, kabeba mzigo bapa wa karatasi ya kaki, mrefu kama mlango wa kabati.

"Habari za mchana, mama. Nimeleta picha za Kitinda."

"Zirudishe ulikozitoa. Usiniletee uchafu humu. Nina wajukuu."

"Uchafu?" Akautazama mzigo. "Mama, nimezifuta vumbi mwenyewe."

"Vumbi! Unanitania? Mzee mzima, huna binti wewe?"

"Ninao watatu."

"Nao umewapiga picha za utupu?"

 Nikaona uso wake unabadilika polepole, kama mtu anayesoma barua ya lugha ngeni, anafika mstari wa mwisho ndipo anaelewa.

"Mama," akasema, "wewe unadhani hizi ni picha za nini?"

Hakungoja nijibu. Aliuweka mzigo sakafuni palepale mlangoni, akakata kamba kwa meno.

Ya kwanza ilikuwa darasa. Likizo. Viti vimepinduliwa juu ya madawati, miguu juu. Ubaoni tarehe imefutwa nusu. Hakuna mtu.

Ya pili ilikuwa chumba cha nyumba ya wageni. Kitanda kimetandikwa, taulo limekunjwa pembe nne, na kandambili mbili zimeelekezwa mlangoni. Hakuna mtu.

Ya tatu ilikuwa wodi. Kitanda cha chuma, godoro limekunjwa katikati, na kando yake stuli ya mgeni imesogezwa karibu sana. Ile stuli naijua. Mguu wake mmoja umefungwa bandeji kwa kuwa unayumba. Nimeikalia wiki tatu, nikimnywesha mume wangu maji kwa kijiko. Kitanda ni namba tisa.

"Hizi ndizo," mzee akasema. "Utupu. Mahali patupu, mama. Pasipo na mtu. Ukumbini tuliandika hivyo kwa herufi kubwa, na mimi ndiye niliyelichagua neno. Niliona linapendeza."

Ya nne ilikuwa chumba changu. Upande wangu wa kitanda shuka lina mikunjo. Upande wa baba yao shuka limelala bapa, na mto wake umevimba vile vile, kwa kuwa hakuna kichwa cha kuuponda. Mlango wa kabati uko wazi kidogo. Kila siku naamka humo, na sikuwahi kukiona chumba hicho. Nywele zilinisimama. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali nje, na nilitaka kwenda kuchungulia kule ndani kama kuna mtu. Halafu nikajua hakuna. Hofu yenyewe ilitoka hapo.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Mzee akavua miwani. "Nani?"

"Mwanangu."

"Si yuko hapa? Mama, kazi aliacha miezi miwili iliyopita. Aliniambia anarudi nyumbani. Picha zikishushwa ukumbini, nizilete hapa."

Tukatazamana. Kila mmoja alikuwa amemweka kwa mwenzake.

Alikuwa anajua mahali alipopanga, upande wa pili wa reli. Sikubadilisha nguo. Nilikwenda na futi yangu ya kupimia shingoni, sikukumbuka kuivua. Njiani mzee alijaribu kunisemesha, akasema Kitinda ana jicho, watu walisimama mbele ya zile picha kimya. Nilimsikia kwa mbali.  Nilijaribu kuomba, nikasahau dua inaanzaje.

Mwenye nyumba alikuwa mama mnene anaanika nguo.

"Yule bubu? Yupo," akasema. "Nadhani yupo. Chumba cha mwisho. Kodi kalipa yote mbele, lakini mlango haujafunguliwa tangu juzi. Mimi sipendi kuwasumbua watu."

Tangu juzi. Nilitembea ile korido. Nikagonga. Hodi. Kimya. Hodi. Nikamwita jina lake lenyewe, lile la cheti. Kimya. Mzee akasogea akitaka kusukuma kwa bega, na hapo kitasa kikazunguka.

Alikuwa amekonda. Nywele hazijachanwa. Alinitazama bila mshangao, kama mtu anayetazama saa.

"Shikamoo, mama."

 Niliingia. Godoro chini, ndoo, kikombe, msumari mmoja ukutani usio na kitu. Kamera haikuwepo. Nikakaa kwenye godoro, na yeye akakaa, ameacha nafasi ya mtu katikati yetu.

"Nimeziona," nikasema. "Mwanangu, mimi nilidhani utupu ni uchi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilielewa nilipofika kituo cha basi, siku ile. Nilikuwa nakumbuka maneno ya shangazi, ndipo yakaingia. Nikasema, kumbe."

"Sasa kwa nini hukurudi kuniambia? Kituo si dakika tano?"

 Nje yule mama alikuwa anakung'uta shuka.

"Nilikuwa nimechoka," akasema. "Na nikaona, kama umeweza kuamini hivyo, hata nikieleza, utakuwa umeniamini kwa sababu ya picha. Siyo kwa sababu yangu."

Nikavua futi shingoni, nikaikunja.

"Umekula?" nikauliza.

"Nimekula."

"Lini?"

Akaangalia mkono wake, kama siku zimeandikwa pale. "Sikumbuki."

Nilitoa simu. Sijui nani alinipa akili hiyo, lakini nilifikiri: nilimtukana mbele ya watu watatu, siwezi kumwomba radhi mbele ya ndoo. Nikampigia wifi, nikaweka sauti kubwa.

"Wifi, umekaa?"

"Nimekaa, kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa. Nipo na Kitinda. Zile picha ni za vyumba."

"Vya nani?"

"Vya mtu yeyote. Vyumba vitupu. Viti, vitanda, ukuta. Hakuna mtu hata mmoja, mwenye nguo wala asiye na nguo. Mimi ni mjinga na wewe ni mjinga, na nitampigia kaka yake na jirani niwaambie hivyo hivyo."

 Halafu wifi akaanza kucheka, kile kicheko chake cha kuku anayetaga. "Vyumba! Mama yangu! Vyumba! Sasa nani anapiga picha chumba kitupu, kina nini?" Akacheka tena, akakohoa. "Ah, sasa kwa nini hakusema tangu mwanzo?"

Kitinda akasogeza mdomo kwenye simu.

"Hamkuuliza, shangazi. Mliuliza kama naona aibu."

Wifi akaacha kucheka.

Nilimpigia na kaka yake, nikampigia na jirani. Ilikuwa kama kumeza vidonge vitatu bila maji. Nilipomaliza nilimwambia Kitinda, kunja godoro twende. Nilikuwa tayari akatae. Ningekaa pale mpaka watufukuze sote wawili. Lakini hakukataa, na mpaka leo hilo ndilo linaniogopesha. Alisimama akaanza kukunja. Ningemwambia tubaki, angebaki. Ningemwambia aruke shimoni, sijui kama angekataa.

Sasa ni mwezi wa nne yuko nyumbani. Nimempeleka kwa daktari, anakunywa dawa, kila Jumanne anakwenda kuongea na mama mmoja pale kliniki. Zile picha nimezitundika sebuleni. Wageni wakikaa chini yake wanageuka geuka, wanauliza kama dirisha liko wazi. Siwaambii kitu.

Kamera alimpa mtu. Hakuiuza, alimpa tu, mtu aliyekuwa anapita. Mwenye studio amekuja na nyingine, amesema aitumie atakavyo. Iko juu ya kabati. Mimi niliyemfukuza kwa ajili ya picha, sasa ndiye ninayembembeleza. Namwambia kuna nyumba mpya nimeitwa kupima madirisha, hawajahamia, haina hata kiti, twende. Ananiambia wewe nenda, mama.

"Hupigi tena?"

"Sioni kitu."

"Si ndiyo ulikuwa unapiga hivyo, mahali pasipo na kitu?"

"Zamani nilikuwa nakiona," anasema.

Nakuandikia wewe ambaye mtoto wako amenyamaza na unamsifu kwa utulivu. Nakuandikia wewe uliyeletewa neno na mtu mwingine. Mwite mtoto jikoni. Mwambie, nionyeshe. Basi, neno moja tu, nionyeshe. Mimi lingenichukua muda mfupi kuliko kuita kikao.

Jana tulikuwa tunamenya viazi, yeye beseni lake, mimi langu. Nilimuuliza anafikiria nini. Akasema hakuna. Nikasema sawa. Akamenya kimoja, akakigeuza, akatoa jicho jeusi kwa ncha ya kisu, akakiweka kwenye maji. Kisha akachukua kingine.